Kama mwanamume na mwanamke wanatofautiana, usawa tunaoudai ni wa nini?

Mwalimu wa Ibanda (Bukavu) anauliza:

Wasomaji wenzangu, nawasalimu. Ninafundisha shule ya sekondari hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na swali hili nimekuwa nalo tangu mwezi wa tatu, wakati mtaa mzima ulipokuwa ukishona vitenge vya tarehe 8, Siku ya Wanawake. Katika mkutano wa familia za parokia yetu, dada mmoja alisimama akasema kwamba katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 14, inaiagiza serikali iondoe kila aina ya ubaguzi dhidi ya wanawake na ihakikishe kwamba wanapata nafasi zao katika uongozi wa taifa, wa majimbo na wa mitaa. Kwa hiyo, alisema, mambo ya mwanamke kuomba ruhusa yamekwisha. Mzee mmoja akamjibu kwa upole kwamba Kanuni ya Familia, yaani sheria ya ndoa na urithi, hata baada ya kurekebishwa mwaka 2016, bado inasema mume ndiye kiongozi wa nyumba. Akauliza: kama sheria yenyewe inajua kwamba nyumba ina kichwa kimoja, huo usawa unalala chumba gani? Watu wakacheka, dada akanyamaza, nami nikarudi nyumbani bila kuridhika na yeyote kati yao.

Nikiwasikiliza watu wanaolijadili jambo hili, naona wapo wanaosema kwamba tofauti nyingi tunazoziona zimefundishwa: msichana hupewa ndoo na ufagio kabla hajajua kusoma, mvulana hupewa mpira, kisha tunashangaa kila mmoja alivyoizoea kazi yake. Wapo wanaosema kwamba mimba, uzazi na kunyonyesha havikufundishwa na mtu, na kwamba anayevifumbia macho kwa jina la usawa anamdhulumu mwanamke mwenyewe, maana anamtaka atumike kama mtu asiyebeba mimba kamwe. Na wapo, hasa kanisani, wanaosema wawili hao ni sawa kwa thamani lakini wanatofautiana kwa wajibu; ni sentensi nzuri kuisikia, ila sijawahi kumwona mtu akiitumia kumpa mwanamke wajibu wa kusaini hati.

Nataja hati kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mke wangu anauza unga wa mihogo na mafuta ya mawese kwenye soko la Kadutu. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Kiwanja tunachojenga kililipwa, kwa sehemu kubwa, na fedha za likelemba (mchango wa kupokezana) yake na wenzake. Hata hivyo hati ina jina langu peke yangu: afisa aliuliza mwenye nyumba ni nani, nikataja jina langu, na hakuna aliyeona ajabu, hata mke wangu aliyekuwa amekaa kando yangu na mkoba wenye fedha magotini.

Basi nauliza: je, mtu anaweza kukubali kwamba mwanamume na mwanamke wanatofautiana na bado akadai usawa, au ni lazima achague kimoja?

Mwanasheria wa Komini ya Kenya (manispaa ya Lubumbashi, si nchi ya Kenya):

Mwalimu, mzee wa parokia yenu amesema kweli juu ya maandishi, lakini ameyasoma nusu. Kanuni ya mwaka 1987, katika kifungu cha 444, ilisema kwamba mume ni kiongozi wa nyumba, kwamba anapaswa kumlinda mkewe, na kwamba mke anapaswa kumtii mumewe. Kifungu cha 448 kikaongeza kwamba mke apate kibali cha mume kwa kila tendo la kisheria linalomfunga yeye mwenyewe kutekeleza jambo. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliubakiza uongozi wa nyumba, lakini kibali ikakiondoa; sasa ni wanandoa wote wawili wanaotakiwa kukubaliana kabla mmoja wao hajajifunga kwa mkataba wa namna hiyo. Angalieni vizuri: hata mume anatakiwa kupata makubaliano ya mkewe. Hicho ndicho mzee hakukisoma kwa sauti.

Watu wengi wakisikia kwamba mume hulinda na mke hutii, wanadhani ni sauti ya babu zetu. Maneno hayo yamo, karibu yote kama yalivyo, katika kifungu cha 213 cha Kanuni ya Raia ya Wafaransa ya mwaka 1804, ile ya Napoleon. Wabelgiji waliirithi kanuni hiyo, na kwa njia yao ikatufikia. Wafaransa wenyewe waliuondoa utii huo mwaka 1938, Wabelgiji mwaka 1958. Sisi tukauandika mwaka 1987, baada ya miaka mingi ya kuhubiriwa turudi kwenye asili yetu.

Huku kwetu Lubumbashi, nyumba yenye kichwa kimoja ilijengwa pia na kampuni. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza katika miaka ya 1920 kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao, ili mtu asirudi kijijini kila mkataba wake unapokwisha. Mke alijulikana kwa karatasi za mume. Posho ya unga ilipimwa kwa hesabu ya mke na watoto. Wanawake walifundishwa kushona na kupika kwa namna iliyompendeza mwajiri. Mwanamke aliyetoka kijiji cha Wabemba au cha Walamba, ambako ukoo huhesabiwa upande wa mama, alifika kambini akawa mtu wa kulishwa. (Msifikiri kwamba huko kijijini mwanamke ndiye aliyetawala, mara nyingi mwenye kauli alikuwa mjomba. Lakini alikuwa na shamba lake na watu wake.)

Kisha mwaka 2003 Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliwaondoa kazini wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Wengi walikuwa wamekaa muda mrefu bila mshahara hata kabla ya hapo. Ni wanawake walioingia sokoni na makala (mkaa wa kupikia), unga na samaki wakavu. Nimekulia katika nyumba ya namna hiyo. Baba aliendelea kukaa mahali pake mezani, na mama aliendelea kumpakulia yeye kwanza, bukari (ugali) yote na kipande kikubwa cha samaki, ingawa kila kilichokuwa ndani ya sahani kilitoka kwenye meza ya mama pale soko la Kenya. Hakuna aliyelalamika, na mimi simlaumu baba, maana aliaibika vya kutosha. Nasema tu kwamba kazi ya kulisha ilihama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na heshima ya mlishaji haikuhama pamoja nayo. Tukiambiwa kwamba uongozi wa mume unatokana na wajibu wake, mimi nitauliza ni kwa nini wajibu ulipoondoka uongozi ulibaki.

Kwa hiyo, Mwalimu, huna haja ya kuchagua. Kukubali kwamba watu wawili wanatofautiana ni jambo moja, na kukubali kwamba mmoja awe chini ya mwingine mbele ya sheria ni jambo jingine kabisa.

Mzee wa Walungu:

Nimesoma kwa heshima yote. Mwanangu Mwanasheria amempa Napoleon sifa nyingi kupita kiasi. Kabla Mbelgiji hajakanyaga Bushi, nchi yetu sisi Washi, ardhi ilikuwa mikononi mwa wanaume: mtu alimpelekea mwami (mfalme), au mkubwa aliyekuwa juu yake, ng'ombe, akapewa shamba kwa kalinzi, na shamba lile likapita kwa mwanawe wa kiume. Hakuna Mfaransa aliyetufundisha hilo.

Lakini nisikilizeni vizuri kabla hamjanihukumu. Mila ile haikumwacha mwanamke wazi. Binti aliyeolewa alilima shamba la mumewe. Akifiwa au akifukuzwa, kaka zake walikuwa na wajibu wa kumpokea na kumwonyesha mahali pa kulima, na kaka aliyekataa alidharaulika mlima mzima. Mwami akifa na kumwacha mtoto mdogo, mama wa mtoto, mwamikazi, alishika utawala mpaka mwanawe akomae, na wanaume wenye ndevu walimtii. Nani basi anasema kwamba tuliwaona wanawake kuwa si watu? Tuliwapa nafasi tofauti, na kila nafasi ilikuwa na ulinzi wake.

Leo Kanuni ya Familia inawapa watoto wote, wa kiume na wa kike, robo tatu ya urithi bila ubaguzi. Kwenye karatasi ni haki, siwezi kukataa. Huku milimani, baba anaacha kipande ambacho mtu anakizunguka kwa miguu kabla tumbaku haijaisha kwenye kiko chake, na watoto ni saba au wanane. Binti aliyeolewa Kalehe akija kukata sehemu yake na kumuuzia mtu wa nje, kaka zake watalima wapi? Mnaita ubaguzi jambo ambalo kwetu lilikuwa njia ya kuzuia shamba lisigeuke kuwa mistari. Ninyi wa mijini mnazungumza habari za mishahara na viwanja. Sisi tunazungumza habari za maharage.

Na kuna jambo jingine ninaloliogopa. Mwanamume akiambiwa kila siku kwamba hana wajibu wa peke yake, ataacha hata ule mdogo aliokuwa nao. Nawaona vijana hapa ambao mke analima, mke anauza, mke analipa shule, nao wanakaa kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, tangu saa za asubuhi. Ukiwauliza wanacheka na kusema siku hizi ni usawa.

Mama wa Birere (Goma):

Papa Mzee, nakusalimu kwa heshima. Vijana hao wa kasiksi hawakusoma kifungu chochote. Walikuwepo kabla ya 2006, na baba zao baadhi yao walikuwa hivyo hivyo, ila wakati ule hawakuwa na neno la kujitetea nalo.

Ulinzi wa kaka ninauamini, kwa maana mimi mwenyewe nililindwa na kaka yangu mkubwa, Mungu amrehemu. Lakini alipofariki, ulinzi wake ulifariki naye. Wajane wangapi mnawajua, huku Masisi na Rutshuru na huko kwenu, ambao vita viliwaondoa, kaka zao wakafa au wakatawanyika, na shamba likauzwa na mtu aliyesema kwamba ni mali ya ukoo? Wajibu wa kaka hauandikwi popote, na siku anapoukataa, dada hana pa kuupeleka. Ndiyo sababu nataka karatasi. Si kwa sababu nawachukia kaka zetu.

Sasa nije kwenye tofauti, maana Mwalimu ameuliza juu ya tofauti, na mimi kila siku naiona kwa macho. Wote mnakubali kwamba mwanamume ana nguvu za mwili kuliko mwanamke. Nakubali nami. Njooni basi msimame asubuhi na mapema kwenye barabara inayoshuka kutoka Kibumba. Viazi, kabichi na makala vinakuja juu ya chukudu, zile baiskeli za mti za kubebea mizigo, na wanaoziendesha ni wanaume. Mteremko unawasaidia, na mti unabeba uzito. Mjini tumewawekea hata sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na wanastahili, kwa kuwa kazi yao ni ngumu. Lakini geuzeni shingo muangalie pembeni, kwenye mawe ya volkano. Yule anayepanda na gunia mgongoni, kamba imeshika paji la uso, shingo imeinama mpaka haoni gari linalokuja, ni mama. Bukavu ni vilevile, tena mbaya zaidi kwa sababu ya vilima: tazameni wanaopandisha unga kutoka bandarini hadi Kadutu. Kamba ile huacha alama kwenye paji la uso, mfereji mdogo unaoonekana hata Jumapili mama akiwa amevaa vizuri. Mwenye nguvu amepewa magurudumu, asiye na nguvu amepewa kamba. Tukisema kwamba kazi zimegawanywa kwa kufuata maumbile, nani aliyegawa magurudumu?

Na kule Kamituga, kwenye dhahabu, ni hivyohivyo. Wanaume hushuka shimoni, wanawake hubaki juu wakitwanga mawe kwenye vinu vya chuma, vumbi likiwaingia kifuani. Wanaambiwa kwamba mwanamke akiingia shimoni dhahabu itapotea. Sijui dhahabu inamtambuaje mwanamke. Ninachojua ni kwamba mgao mkubwa huanzia shimoni.

Mimi sijiiti mtetezi wa wanawake, kwa kuwa nimeona semina nyingi za hotelini, chupa ya maji, fedha za usafiri, picha ya pamoja, kisha kila mtu anarudi alikotoka. Wala sitaki kufanywa mwanamume. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya wiki 14 na theluthi mbili za mshahara wake, na hapo tofauti yetu imetambuliwa kwa faida yetu. Mimi ninayeuza Birere likizo hiyo siioni, nilirudi mezani mtoto akiwa bado hajakaza shingo. Nipeni tofauti za namna hiyo, nitazipokea zote.

Mwanafunzi wa Bagira (Bukavu):

Naomba niongeze jambo fupi juu ya vyeo, kwa sababu kila mjadala wa usawa huishia huko. Tangu mwaka 2024 tuna waziri mkuu mwanamke, Judith Suminwa Tuluka, wa kwanza katika historia ya nchi, na sheria ya uchaguzi ya 2022 inaiondolea ada orodha ya wagombea ambayo nusu yake ni wanawake. Nilifurahi, tena sana. Ila Sophie Kanza aliteuliwa kuwa waziri mwaka 1966, na miaka 21 baadaye Kanuni ya Familia ikamtaka kila mke, hata kama angekuwa waziri, awe na kibali cha mumewe. Kwa hiyo mimi nikiona mwanamke amepanda juu, sihitimishi kwamba walio chini wamepanda pamoja naye. Hati ya Mwalimu inanihusu kuliko picha za Kinshasa.

Mzee wa Walungu:

Mama wa Birere, habari ya magurudumu imenikalia, na sina jibu la haraka. Juu ya shamba la ukoo siwezi kurudi nyuma. Mtu akiniletea njia ya kumpa binti haki yake bila kulikata shamba, kwa mfano kaka wamlipe thamani ya sehemu yake kidogo kidogo, nitakaa naye tuzungumze. Lakini nina swali kwa Mwanasheria. Mkiweka majina mawili kwenye hati, je, na madeni yatakuwa na majina mawili? Maana nimewaona wanawake wanaopenda kusema kwamba mali ni yetu na deni ni lake.

Mwalimu wa Ibanda:

Nawashukuru wote. Jana jioni nilimsomea mke wangu majibu haya. Katika yote aliyoyasikia hakutaka kuzungumzia Napoleon wala katiba. Aliuliza tu kama kubadilisha hati kunalipiwa, na ni nani atakayelipa. Nami ninaongeza lake: tulioana kwa mila mwaka tulipokuwa bado kijijini, mahari ikapokelewa, kisha tukabariki ndoa kanisani. Komini kuiandikisha hatujakwenda kamwe.

Mwanasheria wa Komini ya Kenya:

Papa Mzee, ndiyo, madeni yaliyochukuliwa kwa ajili ya nyumba huwahusu wote wawili. Anayetaka sehemu ya kiwanja hawezi kuikimbia sehemu ya deni lililokijenga, awe mume au mke. Na wazo lako la kaka kumlipa dada thamani ya sehemu yake halipingani na sheria hata kidogo. Warithi wakikubaliana wote, na binti akikubali bila kutishwa, linaweza kuandikwa na kusainiwa.

Mwalimu, kwenu tatizo la kwanza si hati. Ndoa ya mila ni halali, na mahari ni sharti la sheria yenyewe, lakini ndoa isiyoandikishwa mbele ya afisa wa hali ya raia ni vigumu kuisimamisha mbele ya watu wengine, na baraka ya kanisa haichukui nafasi ya maandishi hayo. Ukifariki leo, ndugu zako wanaweza kumuuliza mama wa watoto wako yeye ni nani, naye hatakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Nendeni komini pamoja na mashahidi wa pande zote mbili. Mtaulizwa utaratibu wa mali mnaouchagua, na iko mitatu: kila mtu na mali yake, mali zote kuwa za pamoja, au zile tu zilizochumwa ndani ya ndoa kuwa za pamoja, msipochagua, sheria inawahesabu katika huu wa mwisho. Mkiwa na cheti cha ndoa mkononi, pelekeni ombi kwenye ofisi ya ardhi ili majina yote mawili yaandikwe kwenye hati, kwa kuwa hakuna kinachozuia kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili. Gharama ipo. Ulizeni kiasi chake kwa maandishi kabla ya kutoa chochote, na mdai risiti yenye majina yenu wawili.

Mwalimu wa Ibanda:

Amesema tutakwenda Jumatatu, kwa sababu siku hiyo soko halina watu wengi. Mashahidi wa upande wake amekwisha kuwapigia simu.